Kugawana au Kuchangia? Kumbukumbu ya Somo la Kemia Matogoro

Makala haya yanahusu kitenzi kimoja. Nilikitumia darasani nilipokuwa mwalimu mwanafunzi, kikanipotosha, nami nikampotosha kwacho mwanafunzi ambaye hakuwa na kosa. Wasomaji wa jarida kama hili wamekwisha kusoma mengi juu ya uundaji wa istilahi za sayansi: tukope au tutafsiri, tufufue maneno ya kale au tubuni mapya. Mjadala huo kwa kawaida huhusu nomino. Ningependa hapa kueleza, kwa njia ya kumbukumbu zaidi kuliko ya nadharia, kwa nini nadhani kwamba katika ufundishaji wa sayansi ni vitenzi vinavyotutia hatarini zaidi.

Matogoro iko kando ya mji wa Songea, chini ya milima yenye jina hilo hilo, ambako mto Ruvuma huanzia safari yake ndefu kuelekea Bahari ya Hindi. Nilifika huko mwaka 1988 kwa mazoezi ya kufundisha. Ulikuwa wakati wa kipupwe. Asubuhi wanafunzi waliingia darasani wakiwa wamejikunyata, na chaki ilikataa kukaa sawasawa vidoleni. Nilipangiwa kufundisha kemia kidato cha pili, na mada ya wiki ya tatu ilikuwa jinsi atomu zinavyoungana.

Lugha rasmi ya kufundishia katika shule za sekondari ilikuwa Kiingereza, ingawa wanafunzi wote wale walikuwa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kama ilivyokuwa kawaida nchini tangu mwaka 1967. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilikuwa imependekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie pia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo nilifundisha kama walivyofundisha wengi: sentensi ya Kiingereza ubaoni, ufafanuzi wa Kiswahili mdomoni. Ufafanuzi huo haukuandikwa popote wala haukukaguliwa na mtu. Kila mwalimu aliutunga papo hapo, na hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa.

Somo lenyewe si gumu. Kila atomu ina kiini chenye chaji chanya, na nje ya kiini mna elektroni zenye chaji hasi, zilizopangika katika magamba. Ganda la kwanza hutoshelezwa na elektroni 2. La pili na elektroni 8. Gesi kama heli na neoni, ambazo magamba yake ya nje yamekwisha kutimia, huishi peke yake bila kuungana na kitu. Atomu nyingine, ambazo ganda lake la nje lina upungufu, huungana. Katika chumvi ya mezani sodiamu hutoa elektroni moja na klorini huipokea. Baada ya hapo moja ina chaji chanya na nyingine hasi, nazo huvutana. Lakini ziko atomu ambazo hakuna inayoweza kumpa mwenzake moja kwa moja. Atomu mbili za hidrojeni, kila moja ikiwa na elektroni 1 na ikihitaji 2, hufanyaje? Kitabu kilikuwa na kitenzi chake cha Kiingereza. Mimi nikasema, bila kufikiri hata nusu dakika: ‘Atomu hizi mbili hugawana elektroni.’

Msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha akanyoosha mkono. ‘Samahani, mwalimu. Zikishagawana, ni kitu gani kinazishika zisiachane?’

Nilimjibu kwamba kinachozishika ni muungo kovalenti. Alipotulia bila kuketi, nikaongeza kwamba mengine atayaelewa mbele ya safari. Aliketi. Katika jaribio la mwisho wa wiki niliwataka wachore molekuli ya hidrojeni. Wenzake walinakili mchoro wa ubaoni: duara mbili zilizopandana, na nukta mbili mahali zilipopandana. Yeye alichora duara mbili zilizotengana, kila moja na nukta yake ndani, na kati yake pakawa patupu. Niliweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, nikaandika kwamba hakuwa makini darasani.

Siku chache baadaye nilialikwa kwa mzee mmoja jirani, ambaye wanawe wawili walikuwa wamelima shamba moja na sasa walikuwa wanapima mahindi uani. Debe moja liliingia gunia la kushoto, debe moja gunia la kulia, na mama yao akihesabu kwa sauti. Walipomaliza, kila mmoja alifunga mzigo wake kwenye baiskeli. ‘Wanagawana,’ mzee akaniambia, ‘maana mkubwa anahamia kwake.’ Mahindi yaliyokuwa ya watu wawili sasa yalikuwa ya huyu peke yake na ya yule peke yake. Baada ya kitendo hicho hapakuwa tena na kitu baina yao. Kwa hakika, hilo ndilo lilikuwa kusudi la kitendo chenyewe. Ndivyo watu wanavyogawana mirathi, ndivyo wanavyogawana mashamba, ndivyo hata wanandoa wanavyogawana vyombo wanapoachana.

Nikiwa nimekaa kwenye kigoda nilielewa kwamba yule msichana hakukosea. Alichora kwa usahihi kabisa kile nilichosema. Nilimwambia zimegawana, akachora mgawano. Aliona kwamba mgawano haufungi vitu viwili, akauliza swali ambalo mwanakemia yeyote angelipaswa kuuliza, nami nikamjibu kwa jina. Jina la jambo si maelezo ya jambo.

Hapa inafaa kutazama kitenzi chenyewe. Gawa ni kutenga kitu kizima katika sehemu. Kiambishi cha kutendana katika gawana kinaonyesha kwamba watendaji ni zaidi ya mmoja na kwamba kila mmoja anapata. Hakionyeshi kwamba kile kilichogawanywa kinabaki kizima. Kiingereza kinatumia kitenzi kimoja kwa mambo mawili ambayo Kiswahili huyatofautisha: kukata mkate ili kila mtu achukue kipande chake, na kulala chumba kimoja bila kukikata chumba. Yafaa ikumbukwe pia kwamba hata neno hilo la Waingereza, kwa asili yake ya kale, lilitokana na maana ya kukata. Limesafiri mpaka likafika kwenye maana ya pili. Letu halikusafiri njia hiyo, na halina wajibu wa kusafiri kwa sababu tu mwalimu fulani ana haraka.

Ni vema turudi kwa waliounda dhana hii. Mwaka 1916 Gilbert Newton Lewis, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha makala aliyopendekeza ndani yake kwamba muungo baina ya atomu mbili ni jozi ya elektroni ambazo atomu zote mbili zinazo kwa wakati mmoja. Jozi ile haikuwa ya atomu hii wala ya ile peke yake; ilihesabiwa mara mbili, katika ganda la kila moja. Mwaka 1919 Irving Langmuir aliieneza fikra hiyo na kuupa muungo huo jina ambalo sisi tumelikopa na kuliandika kovalenti. Sehemu yake ya mwanzo, ko-, ni ya Kilatini na maana yake ni ‘pamoja’. Kwa hiyo ndani ya nomino niliyoikopa mlikuwa na upamoja, na ndani ya kitenzi nilichokitumia kuifafanua mlikuwa na utengano. Wanafunzi walisikia sauti mbili zinazopingana kutoka kinywa kimoja. Waliofaulu ni wale walioipuuza ile waliyoielewa.

Sasa swali la yule msichana: ni kitu gani kinazishika? Jibu la kuridhisha lilipatikana mwaka 1927, pale Walter Heitler na Fritz London (hili la pili ni jina la mtu, si la mji) walipotumia mekanika ya kwanta, iliyokuwa changa bado, kuikokotoa molekuli ya hidrojeni. Kwa lugha ya kawaida twaweza kusema hivi. Atomu mbili zinapokaribiana, elektroni zote mbili hupata nafasi ya kuenea katika molekuli nzima, na sehemu kubwa ya uwepo wao huwa katika eneo lililo kati ya viini viwili. Viini vyote viwili, vyenye chaji chanya, huvutwa kuelekea eneo hilo lenye chaji hasi. Nishati ya jumla hushuka. Atomu zikikaribiana mno, viini husukumana. Zikiachana mno, mvuto hulegea. Hivyo hutulia mahali pa wastani, viini vikiwa umbali wa pikomita 74 hivi. Ili kuzitenganisha tena unahitaji kilojuli 436 hivi kwa kila moli ya hidrojeni.

Kwa maneno mengine, elektroni zilizo kati ndizo kamba yenyewe. Zikigawanywa kama madebe ya mahindi, kamba imekatwa. Mchoro wa yule msichana, duara mbili na utupu kati yake, ulikuwa picha sahihi ya atomu mbili za hidrojeni zisizoungana.

Maelezo hayo yanatuonyesha kasoro nyingine katika semi zetu za darasani. Tumezoea kusema kwamba atomu ‘hutaka’ kujaza ganda lake la nje. Atomu haitaki kitu. Kutimia kwa elektroni 8 ni kanuni yenye manufaa makubwa, hasa kwa kaboni, nitrojeni, oksijeni na florini, lakini si sababu, na ina mipaka. Katika kampaundi ya boroni na florini, boroni ina elektroni 6 tu katika ganda lake la nje. Na molekuli ya oksidi ya nitrojeni, yenye atomu moja ya nitrojeni na moja ya oksijeni, ina idadi witiri ya elektroni, hivyo haiwezi kuzipanga zote katika jozi. Sababu ni kushuka kwa nishati. Ganda lililotimia ni dalili ya kawaida ya kushuka huko. Aidha, neno ganda lenyewe liliwafanya baadhi ya wanafunzi wangu wafikirie ngozi ngumu ya yai. Lakini nomino hii inasahihishika kwa mchoro mmoja. Kitenzi kilichokosewa ni vigumu kukisahihisha, kwa kuwa hukibebi kama picha, unakitumia kufikiri.

Tutumie kitenzi gani, basi? Nimejaribu kadhaa kwa miaka mingi. Kushirikiana ni kitenzi cha heshima, lakini kinaeleza mwenendo wa watendaji kuliko hali ya kitu walicho nacho. Isitoshe, kwa masikio ya Songea nomino ushirika ina historia yake. Huko kulikuwa na chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo cha wakulima wa tumbaku tangu miaka ya 1930, na Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, pamoja na kijiji chake cha Litowa, kilichopigwa marufuku na serikali mwaka 1969. Neno lenye katibu, mizani na kumbukumbu za namna hiyo haliingii katika atomu likiwa jepesi. Ubia unafaa zaidi, lakini ni nomino ya biashara, na hauna kitenzi chepesi kinachotumika kila siku.

Kitenzi ninachokipendekeza ni kuchangia. Changa ni kila mtu kuleta chake ili kipatikane kitu kimoja. Ndivyo kila atomu ya hidrojeni inavyoleta elektroni yake moja. Lakini kitenzi hiki kimekuza pia maana ya pili, yaani watu zaidi ya mmoja kutumia kitu kile kile bila kukigawa. Wanafunzi huchangia chumba, huchangia kitabu, huchangia dawati. Na tangu janga la UKIMWI lilipoenea, watu wameonywa mara nyingi wasichangie nyembe na sindano. Wembe unaochangiwa haukatwi vipande viwili. Hatari yake ni kwamba unabaki mmoja. Maana hizo mbili, kuleta na kutumia kwa pamoja, ndizo nusu mbili za fikra ya Lewis, na Kiswahili kimeziweka katika kitenzi kimoja bila msaada wa kamati yoyote.

Kitenzi kizuri hupimwa kwa umbali kinaofika. Tukipime kwa maji. Oksijeni ina elektroni 6 katika ganda la nje. Huchangia jozi moja na kila atomu ya hidrojeni, na hivyo hufikia 8 huku kila hidrojeni ikifikia 2. Lakini oksijeni huvuta jozi hizo kwa nguvu zaidi. Wanaochangia si lazima wawe sawa, na kila aliyechangia blanketi la bweni katika kipupwe cha Songea analijua hilo. Tukipime pia kwa amonia, ambayo inapokutana na ioni ya hidrojeni isiyo na elektroni hata moja, nitrojeni huleta elektroni zote mbili na jozi hiyo ikawa ya wote wawili. Huo ni mchango wa upande mmoja, na kitenzi hakivunjiki.

Tukipime, mwisho, kwa kaboni ya nchi yetu. Almasi ya Mwadui na madini ya kinywe ya Mahenge ni kaboni zote mbili. Katika almasi kila atomu huchangia jozi za elektroni na jirani wanne, pande zote, na matokeo yake ni jiwe gumu kuliko mawe yote tuyajuayo katika maumbile. Katika kinywe kila atomu hufungwa na majirani watatu tu, katika matabaka bapa, na elektroni ya nne huchangiwa na tabaka zima: husafiri humo na kupitisha umeme, huku matabaka yakiteleza moja juu ya jingine kama tunavyoona tunapoandika kwa penseli. Mwambie mwanafunzi kwamba atomu hizo ‘zimegawana’ elektroni hiyo ya nne, naye atakuuliza kwa haki: kila moja imepata kiasi gani?

Niliporudi Matogoro mwaka 2011 kuzungumza na walimu wanafunzi, mmoja wao alinipinga vizuri. ‘Mwalimu,’ alisema, ‘mimi nikichangia harusi, fedha yangu hairudi. Nimeitoa. Hiyo si kovalenti, hiyo ni sodiamu na klorini.’ Darasa lilicheka, nami pia. Alikuwa na haki. Hakuna kitenzi kilichokuja duniani kwa ajili ya atomu, na kila kimoja kitabeba harusi yake au mirathi yake. Nilichomjibu ndicho ninachokiamini hadi leo: tofauti si kwamba kitenzi kimoja ni safi na kingine ni kichafu. Ukisema kuchangia, kosa linalowezekana ni la pembeni, na mfano wa chumba hulisahihisha. Ukisema kugawana, kosa liko katikati, mahali penyewe pa muungo. Kazi ya mwalimu ni kujua kitenzi chake kinavuja wapi, na kuwaambia wanafunzi kabla hawajauliza.

Mwingine akauliza kama jambo hili lina uzito wowote nje ya mtihani. Nilimwelekeza dirishani, kwenye mashamba. Karibu asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, na mahindi ya Ruvuma hudhoofu kwa kukosa nitrojeni. Sababu ni kwamba atomu mbili za gesi hiyo huchangia jozi tatu za elektroni, na kuzitenganisha kunahitaji kilojuli 945 hivi kwa moli, zaidi ya mara mbili ya hidrojeni. Viwanda huunganisha nitrojeni na hidrojeni kuwa amonia kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, kwa njia aliyoionyesha Fritz Haber mwaka 1909, na hiyo ni sehemu ya gharama anayoilipa mkulima anaponunua mbolea ya chumvichumvi. Bakteria walio katika vinundu vya mizizi ya maharage hufanya kazi hiyo udongoni, kimya kimya. Mtoto wa mkulima aliyeambiwa kwamba atomu hizo zimegawana elektroni zao hana njia ya kuelewa kwa nini ni ghali hivyo kuziachanisha.

Imebaki kueleza jambo moja ambalo ni la aibu zaidi kuliko kosa lenyewe. Niliposimama kutoka kwenye kile kigoda mwaka 1988 zilikuwa zimebaki siku nne za mazoezi yangu. Niliingia darasani mara mbili zaidi. Ningeweza kumwita yule msichana, nikafuta ile alama nyekundu na kuwaambia wote kwamba swali lake lilikuwa bora kuliko jibu langu. Sikufanya hivyo. Nilikuwa kijana, msimamizi wangu alikuwa amekaa nyuma ya darasa, nami niliogopa kuonekana sijui. Nilifundisha mada iliyofuata. Siku ya kuondoka alikuwa miongoni mwa walionisindikiza hadi barabarani. Aliniamkia kwa adabu, akanitakia safari njema.

Baadaye niliiacha kemia, nikaingia katika isimu, na wenzangu wameniuliza mara kwa mara sababu ya uamuzi huo. Nimezoea kuwapa jibu fupi. Jibu refu ni haya niliyoyaandika hapa. Hatuna budi kuendelea kusanifu nomino, na kamusi zetu za sayansi, mathalani ile ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, zimefanya kazi ya kupongezwa. Lakini ningeomba watunga istilahi na walimu wa walimu waandike, mkabala na kila nomino, kitenzi kitakachoifafanua darasani, pamoja na mahali kinapovuja. Nomino tunaweza kuikopa kutoka kokote. Kitenzi mwanafunzi huja nacho kutoka nyumbani, na atakiamini kuliko anavyotuamini sisi.

Yeye alikiamini chake, na kilikuwa sahihi. Kama yupo mahali na anasoma haya, alama ile naifuta sasa.